Rangi ya Shavu la Mama

Jumatatu, 4 Machi

Daftari hili nimepewa leo kazini na nikaambiwa niandike humu tarakimu tu. Tarakimu nitaandika, lakini mimi ni mtu wa maneno, na kurasa ni nyingi.

Nimeanza kazi kwenye kiwanda cha uchapaji, chumba cha maandalizi, yaani pale picha zinapotengenezwa kabla ya kupelekwa mashineni. Miaka tisa nimetengeneza kadi za harusi na picha za mahafali kwenye kibanda changu, na sikuwahi kurudishiwa kazi hata moja. Bosi amenipa masika haya yote kuwa majaribio. Atakayenipima ni fundi wa chumba hicho, mwanamume wa miaka hamsini na ushee, mwembamba, mwenye miwani mbili, moja puani na moja kwenye paji la uso. Hapa wanamwita Asilimia, na jina halimuudhi, kwa sababu kila kitu hukisema kwa asilimia. Nilipomsalimia alinikazia macho hadi nikaanza kujipangusa mdomo nikidhani nina masalia ya chai. Kisha akasema, "Majenta sitini na tano. Nyeusi ishirini, haizidi." Nikadhani ananitukana.

Jumanne, 5 Machi

Mvua. Nimefuta vumbi kwenye skrini. Ndiyo kazi niliyopewa, kutwa nzima.

Jumamosi, 9 Machi

Kazi yenyewe imefika. Chama cha wakunga wastaafu kinataka kitabu cha wakunga ishirini na wanne, kila mmoja na picha ya uso inayojaza ukurasa mzima, na maneno yake ukurasa wa pili. Kitakabidhiwa Jumamosi ya tarehe 11 Mei. Mmoja wao ni mama yangu mzazi, na ni yeye peke yake ambaye hajatia saini ya kukubali picha yake ichapwe.

Sababu naijua. Miaka kumi na saba iliyopita hospitali yao ilitoa kitabu cha picha za wafanyakazi. Mama alivaa sare mpya, akasuka nywele, akaamka mapema siku hiyo kana kwamba anaenda kuposwa. Kitabu kilipotoka, ukurasa wa kumi na mbili ulikuwa na kofia nyeupe, kola nyeupe, na katikati yake giza lenye meno. Wauguzi vijana wakacheka, wakampa jina la Zamu ya Usiku, na jina hilo likamganda hadi anastaafu. Tangu hapo mama hapigwi picha. Hata kwenye harusi yangu alijibanza nyuma ya kaka. Picha hii ya chama alipigwa kwa sababu wenzake walimzingira mlangoni.

Jioni nikaenda kwake kumbembeleza.

"Mama, safari hii nitakutengeneza mimi mwenyewe."

"Ulishawahi kumtengeneza mtu mweusi akabaki mtu mweusi?"

"Nimetengeneza maharusi mia na zaidi."

"Hao maharusi wako wote wanatoka weupe kama wamekanda unga wakajipangusa usoni. Mimi sitaki weupe wa mtu. Nataka kuwa mimi."

Nikajitia kuosha vikombe vilivyokwisha oshwa. Nilipoaga akaniambia atatia saini akiiona nakala ya majaribio kwa macho yake. Asiporidhika, picha itolewe na ukurasa ubaki mtupu. Nikakubali. Mdomo wangu huu utaniponza siku moja.

Jumanne, 12 Machi

Asilimia bado haniruhusu kugusa picha. Leo kanipa lenzi na ukurasa wa jarida la zamani, akaniambia nitazame shavu la mtu. Nikatazama. Hakuna shavu. Kuna vitone tu, vya samawati, majenta, njano na vyeusi, vimepangana, na kahawia haimo hata chembe. Kahawia inatengenezwa na jicho langu nikiwa mbali.

Miaka tisa ya rangi, na sikuwahi kuinama hivi kutazama. Sikumwambia.

Ijumaa, 15 Machi

Leo nimeaibika na nitaandika yote, kwa sababu nisipoandika nitajidanganya kesho.

Asilimia alipokwenda kula nikafungua picha ya mama. Kwenye skrini ilikuwa ya giza kidogo, nami namjua mama, nikajua akiiona hivi tumekwisha. Nikafanya nilichofanya miaka tisa, nikapandisha mwangaza wa uso wote, nikalainisha, nikapandisha tena. Akang'aa. Nikatoa nakala, nikaibandika ukutani, nikakaa kama nimepewa tuzo.

Asilimia akarudi, akashusha miwani ya pili.

"Nani huyu?"

"Mama yangu."

"Mama yako anapaka mkorogo?"

Damu ikanipanda. Nikamwambia mama yangu hajawahi kupaka mkorogo maishani mwake, na auchunge ulimi wake.

"Basi umempaka wewe," akasema, bila hata kupandisha sauti. "Umemchubua mama wa watu. Tazama hapa chini ya jicho, kulikuwa na mkunjo. Uko wapi? Shavu limekuwa jivu. Uliogopa weusi wake, ukaukimbia wote, mzuri na mbaya."

Nilitaka kumjibu. Nina majibu mimi, nayatoa mfukoni kama chenji. Lakini nikaitazama ile nakala, na kweli, alikuwa mwanamke fulani mnene wa rangi ya majivu, hana umri, hana usingizi aliowahi kuukosa. Nikaichana mwenyewe. Jioni nilipita mbali na nyumba ya mama.

Jumatano, 20 Machi

Siku tano tumesalimiana kwa kichwa tu. Leo Asilimia kavuta kiti karibu na changu, akaweka mezani ukanda mrefu wa karatasi nene uliokunjwakunjwa, umejaa viraka vya kahawia, sitini kwa hesabu yake. Chini ya kila kiraka tarakimu nne, na pembeni maneno ya kalamu: mwashi, mwalimu wa hesabu, dereva wa lori, pacha wa kwanza, pacha wa pili.

"Kila mtu aliyeingia humu miaka kumi na saba nilimwomba mkono," akasema. "Nauweka dirishani saa nne asubuhi, naulinganisha. Usipofanana na kiraka chochote, natengeneza kipya."

Nikauliza kwa nini asiamini skrini kama watu wengine. Akasema skrini inatoa taa na karatasi haitoi taa, na mtu akishachapwa hana umeme wa kumsaidia. Halafu akanionyesha jambo ambalo nimelirudia kichwani kutwa nzima. Alifungua picha ya mkunga mmoja, akazima rangi tatu, akabakiza wino mweusi peke yake. Nilitegemea kuona uso wote. Nikaona mistari tu: nyusi, mboni, kingo za pua, mkunjo wa shingo. Akauzima ule mweusi, akawasha zile tatu, na uso ukatokea, mweusi, wa joto, na kwenye shavu ungeweza kuweka kiganja.

"Weusi wa mtu haumo kwenye wino mweusi," akasema. "Wino mweusi ni wa kuchorea. Ukiujaza shavuni, umemfunika mtu shuka."

Nimekuwa nikimwona mzee mkaidi mwenye ugonjwa wa hesabu. Leo nimenywea. Mtu huyu amewatazama watu sitini mikono yao, mmoja mmoja, na hakuna aliyemtuma.

Alhamisi, 21 Machi

Mvua. Samawati 48, majenta 66, njano 72, nyeusi 24. Hili ni shavu la mwenyekiti wa chama. Nimelipata mwenyewe.

Alhamisi, 28 Machi

Wakunga wamekuja kuweka mikono dirishani. Wameingia na miavuli inayotiririka, wanasukumana kama wanafunzi, na chumba chetu kikajaa vicheko. Asilimia anapendeza akiwa na watu kuliko nilivyomdhania. Anampokea kila mmoja kwa shikamoo, anauliza alizalisha wangapi, anaushika mkono kwa ncha za vidole. Mmoja akamwambia, "Baba, mkono huu umeshika vichwa elfu nne, usiubane." Akaandika pembeni ya kiraka: vichwa elfu nne.

Wamekuja ishirini na watatu. Mama kasema miguu inamuuma. Jana aliipanda ngazi ya jirani kwenda kuona mtoto mchanga, ghorofa ya tatu.

Jumatano, 3 Aprili

Nimeenda kwa mama. Miguu bado. Anaipaka dawa nikiwepo tu.

Jumatatu, 8 Aprili

Nilikuwa natafuta lenzi kwenye droo ya Asilimia, kwa ruhusa yake. Chini kabisa kulikuwa na kitabu chembamba kimefungwa kwa mfuko wa nailoni. Nilikijua kabla sijakifungua, kwa sababu kwetu kilifichwa juu ya kabati utoto wangu ukiwa umekwisha pita. Ukurasa wa kumi na mbili. Kofia, kola, meno.

Nikakiweka mezani mbele yake.

"Hiki kimefikaje hapa?"

Akavua miwani zote mbili. Sijawahi kumwona bila miwani, ana macho madogo, yamechoka. Akaniambia kilichapwa hapahapa, na aliyetengeneza picha zile ni yeye. Alikuwa na mwaka mmoja kazini. Alizitayarisha kwa karatasi ya kung'aa, ambayo inauacha wino ukae juu. Siku ya kuchapa, karatasi ikabadilishwa, ikaletwa ile kavu, isiyong'aa, inayonyonya. Kwenye karatasi kavu kila kitone kinavimba, nusu inakuwa robo tatu, robo tatu inakuwa giza. Alijua. Alisimama pale mashineni akaona nyuso zinafungika moja baada ya nyingine, akanyamaza, kwa sababu alikuwa mgeni na watu walikuwa na haraka.

"Ukurasa ule wa kumi na mbili ndio ulikuwa mbaya kuliko wote," akasema. "Sikumjua ni nani. Nimemtazama miaka yote hii. Ukanda ule wa viraka niliuanza wiki iliyofuata."

Nikamwambia ni nani.

Mimi nilikasirika, sitasema uongo. Nilimkumbuka mama nyuma ya mgongo wa kaka siku ya harusi yangu, nikataka kuvunja kitu. Lakini nani mwingine ameweka kosa lake kwenye droo miaka kumi na saba na kulitoa kila siku kulitazama? Mimi yangu huwa nayasahau kabla ya chakula cha jioni. Nilikwenda nyumbani nikiwa na hasira na heshima kwa pamoja, na havikutaka kukaa kiti kimoja.

Jumanne, 9 Aprili

Hatukuzungumza. Nimepata shavu la pacha wawili wa chama.

Jumanne, 16 Aprili

Nilimwambia mama kila kitu Jumapili. Niliona bora asikie kwangu. Alisikiliza akichambua mchele, hakuinua macho, akauliza kitu kimoja tu: "Yupo saa ngapi?"

Leo saa nne kasorobo kaingia na mwavuli wake, miguu mizima. Asilimia akasimama hadi kiti kikaanguka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye?"

"Mimi ndiye, mama. Niliona unaharibika na sikusema neno. Naomba unisamehe."

Mama akamtazama juu hadi chini, vile alivyozoea kumtazama mzazi wa mimba ya kwanza aliyekuja bila nguo za mtoto.

"Miaka kumi na saba nilidhani ni yule mpiga picha," akasema. "Nilimnyima salamu kijana wa watu mpaka akahama mtaa. Hiyo dhambi nayo ni yako."

"Naipokea."

"Na ulikuwa unaogopa nini?"

"Kufukuzwa."

Mama akaguna. Akasema yeye mwaka wake wa kwanza alimwona daktari akikosea, akaogopa, akanyamaza, na mtoto yule alipona kwa kudra za Mungu tu, si kwa ushujaa wake. Sikuwahi kuisikia habari hiyo. Halafu akavuta sweta, akauweka mkono dirishani. "Haya, fanya kazi yako."

Mkono wa mama haukufanana na kiraka chochote kati ya themanini na tatu vilivyopo sasa. Asilimia alichanganya, akachapa, akalinganisha, akatupa, akachapa tena. Saa nzima mama hakuutoa mkono. Kilipopatikana, akaandika tarakimu, kisha akamwuliza aandike nini pembeni.

"Andika jina la kazi yangu," mama akasema. "Lile jingine nalifuta leo."

Samawati 54, majenta 69, njano 76, nyeusi 22.

Jumamosi, 20 Aprili

Mama kaiona nakala ya majaribio, ya karatasi ya kung'aa. Kaitazama haraka haraka, kama mtu anayetazama barua ya matokeo, akasema, "Naonekana." Akatia saini. Nilitembea hadi nyumbani na mvua ikininyea na sikufungua mwavuli.

Jumatatu, 22 Aprili

Ghala limevuja. Mvua ya Jumapili imeingia kwa pembe, na karatasi yetu ya kung'aa imelowa, imeshikana, haibanduki. Nyingine haipatikani kabla ya mwezi Juni. Iliyopo ni kavu.

Bosi kaingia chumbani akasema tuchape hivyohivyo, pleti zipo tayari, tarehe haisogei. Pleti ni yale mabati membamba yanayobeba picha na kufungwa kwenye mashine, na yetu ishirini na nne yalikuwa yameegemezwa ukutani, yamekamilika, yametengenezwa kwa karatasi ya kung'aa.

"Ni karatasi tu," bosi akasema. "Msomaji atajua nini?"

Nikamtazama Asilimia. Saa ileile ya miaka kumi na saba iliyopita imerudi, na mama yangu tayari katia saini. Asilimia hakubishana. Alikwenda ukutani, akachukua pleti ya kwanza, akaikunja kona. Akachukua ya pili, akaikunja kona. Pleti ikishakunjwa haikai mashineni tena, imekufa. Alizikunja moja moja, taratibu, kama anakunja shati, na mpiga mashine, yule tunayemwita Tulia, alikuwa mlangoni, na kwa mara ya kwanza hakumwambia mtu atulie.

"Umewehuka?" bosi akauliza.

"Asilimia mia," akasema. "Nifukuze Jumamosi. Kabla ya hapo nipe siku tatu nizitengeneze upya kwa karatasi hii kavu."

Na mimi, mtu wa maneno, mwenye majibu mfukoni, sikupata neno. Nilichukua pleti iliyobaki, ya ishirini na nne, nikaikunja mwenyewe. Kona ikatoka vibaya.

Bosi alitutazama. Akasema siku tatu, na akatoka bila kufunga mlango.

Jumanne, 23 Aprili

Nyuso saba. Tunaanza mwanga ukiingia na kuacha mwanga ukitoka, kwa sababu Asilimia hafanyi rangi bila dirisha. Kila uso unafunguliwa vivuli, yaani vinapunguzwa giza, wino mweusi unapunguzwa, rangi za kati zinapunguzwa tena kwa sababu kitone kitavimba. Jumla ya rangi zote nne isizidi mia mbili na arobaini, ama sivyo karatasi italewa. Tunafanya picha ionekane imepauka ili ikichapwa iwe sawa. Unamtazama mtu amefifia na unapaswa kuamini atarudi.

Jumatano, 24 Aprili

Nyuso kumi. Mgongo. Tulia katuletea chai mbili bila kuombwa.

Alhamisi, 25 Aprili

Zilibaki saba, na Asilimia alizigawa. Sita zake. Akasukuma kiti changu mbele ya skrini yake na kufungua ya mama.

"Kosa lilikuwa langu," akasema, "lakini unayeujua uso huu ni wewe. Mimi ninazo tarakimu tu."

Nilikaa na mama saa sita. Kushusha mweusi wa kivuli cha kulia, sita. Hapana, nane. Chini ya jicho upo ule mkunjo niliowahi kuufuta, nikaurudisha na kuuchora kwa wino mweusi peke yake, mwembamba. Shavu la kushoto lina bonde dogo ambalo linaonekana tu akianza kucheka, na mpiga picha alimkamata akianza. Bonde hilo kwenye karatasi kavu lingejaa kabisa. Nililifungua kwa asilimia mbili, nikatoa nakala, nikaipeleka dirishani pamoja na kile kiraka chake. Nikalifunga kwa moja. Nikalifungua tena kwa nusu. Sikujua kama nilikuwa namtengeneza au ndiyo nilikuwa namtazama mara ya kwanza. Miaka arobaini na moja ya kuwa mwanawe, na bonde hilo sikuwa nimelihesabu.

Asilimia akaja akaitazama bila miwani ya pili. Akasema, "Hii mimi nisingeiweza." Akarudi kwenye sita zake.

Ijumaa, 26 Aprili

Tumechapa. Unyevunyevu ni mwingi, karatasi inajinyoosha kati ya rangi moja na nyingine, na Tulia, ambaye nilimwona mtu wa kusinzia tangu Machi, kumbe ana masikio mashineni. Anasikia karatasi ikiteleza kabla haijaonekana. Alisimamisha mara tano kurekebisha.

Upande wa mama ulipoanza kutoka, karatasi za kwanza zilikuwa nzito. Niliona bonde linaanza kujaa. Nikasema, "Simamisha." Nilisema kwa sauti ndogo na mashine inanguruma, lakini Tulia alisimamisha. Bosi alikuwepo. Nilimwambia wino mweusi umezidi, asilimia nne hivi, na nilimwambia nikimtazama machoni. Tulia akapima kwa kipimo chake.

"Nne na nusu," akasema.

Wakaushusha. Karatasi iliyofuata, mama akatokea. Asilimia alikuwa upande wa pili wa mashine, akageuka akajifanya anatafuta kitambaa.

Alhamisi, 2 Mei

Mvua imepungua. Kitabu kiko kwa mshona vitabu. Leo bosi kaniambia nibaki, na Jumamosi ile ya kumfukuza Asilimia ilipita kama Jumamosi nyingine. Nadhani bosi anaona haya, ila haya yake huionyesha kwa kununua feni mpya ya chumba chetu wakati huu wa baridi.

Jumamosi, 11 Mei

Nataka niandike hii polepole.

Ukumbi ulijaa. Wakunga walipokea vitabu na papo hapo wakaanza kujitafuta, kila mmoja akielekeza kidole na kumvuta mwenzake. Yule wa vichwa elfu nne alibusu ukurasa wake mwenyewe bila aibu. Asilimia alisimama karibu na mlango na shati lililopigwa pasi, na wakunga walikuwa wanampitia mmoja mmoja kumpa mkono, upande wa juu wa kiganja kwanza, kama kule dirishani.

Mama hakufungua chake. Alikishika mapajani sherehe nzima. Wenzake walipomwambia, "Umetoka vizuri, fungua," akasema atafungua kwake.

Nilimsindikiza. Akavua viatu, akasogeza kiti dirishani, akafuta mikono kwenye khanga, akafungua. Nilisimama nyuma yake. Nilikuwa nimejiandaa kwa neno lolote, hata "naonekana" lingenitosha.

Alitazama muda mrefu sana. Kisha akaweka kidole kwenye shavu la kushoto, pale kwenye bonde.

"Huyu ni bibi yako," akasema.

Nikadhani kachoka. Nikainama nikamwambia, mama, ni wewe, ni ile picha ya chama.

"Najua ni picha gani. Nakwambia huyu ni bibi yako. Alikufa nina miaka kumi na nne, na hakuwahi kupigwa picha hata moja. Sauti yake ninayo, uso ulishanitoka. Nilikuwa nakaa usiku namtafuta simpati." Akavuta pumzi. "Alikuwa hivi. Akitaka kucheka, panaingia hapa."

Nikamuuliza mbona hakumwona kwenye kioo miaka yote hiyo.

"Kioo nakitazama kutafuta kasoro," akasema. "Hapa mtu ameshanitazama kwa niaba yangu."

Nililia. Yeye hakulia, hakuwa na nafasi ya kulia, macho yake yalikuwa na kazi. Baada ya muda akaniambia bila kugeuka, "Tuache kidogo, mwanangu."

Nikatoka, nikavuta mlango. Nikiwa koridoni nafunga kamba za viatu, nikamsikia anaongea kwa sauti ya chini, ya mtoto anayetoa taarifa baada ya safari ndefu. Alikuwa anamweleza bibi habari za watoto wake, akaanza na kaka, kazi yake, wake zake wawili na ukaidi wake. Kisha akasema, "Na huyu wa pili, wa kike, ndiye aliyekuleta."